Bimkubwa ana mashine za masikio lakini nje ya nyumba hasikii kitu, ile alama ya sikio inatumikaje?

MtotoWaNgambo

Asalaam alaykum wakuu, na wengine habari zenu. Naomba msaada kwa anaejua haya mambo ya mashine za masikio maana mie nimegugo mpaka nimechoka.

Bimkubwa wangu ana miaka 71, tunaishi nae huku mashariki ya London mwaka wa nne sasa. Masikio yalianza kumsumbua tangu yupo Unguja ila sisi watoto tulikuwa tunasema makusudi yake tu, anasikia anachotaka, Mungu atusamehe. Tulikuja kushtuka siku nilompigia simu nikamwambia miadi ya daktari ni saa tisa, yeye akasikia saa sita, akenda peke yake akakaa kwenye kiti masaa matatu na koti lake na mkoba mapajani hata maji hajanywa. Hapo ndo tukampeleka kupimwa. Wakampa mashine mbili za kukaa nyuma ya sikio, bure kabisa, na betri bure, zile zenye kibandiko cha rangi ya chungwa.

Nyumbani alhamdulillah tumeona mabadiliko. Anasikia birika, anasikia mvua, anasikia wajukuu wakimsengenya. Siku ya mwanzo alivaa akaniuliza hiyo sauti ya kukwaruza ni nini, kumbe ni mwenyewe anatembea na ndara kwenye kapeti, miaka hajaisikia.

Shida ni akitoka nje. Msikitini wanawake wako juu, imamu hawamuoni, wanaskia spika ya ukutani basi. Anasema ni kama mtu anazungumza ndani ya mtungi, sauti iko, kubwa tu, lakini maneno hamna. Stesheni ndo kabisa, matangazo yakitoka ananitizama mie usoni aone kama nimeinuka. Na kule benki yule mtu yuko nyuma ya kioo, basi hapo bimkubwa anaitikia "yes" kwa kila kitu, siku moja nusura afunguliwe akaunti ya pili.

Sasa huku kuna ile alama ya buluu, sikio limepigwa mstari na pembeni herufi T. Nimeiona dirisha la tiketi, benki, mpaka kwenye duka la dawa. Nikamuuliza mdada wa benki hii alama inafanya nini, akasema inasaidia wenye mashine za masikio, nikasema basi wa kwangu huyu hapa, ana mashine. Akatafuta kwenye mitoto ya meza, akatoa kiboksi cheupe, kimekufa chaji. Akanichekea. Nami nikamchekea. Tukaondoka.

Maswali: hiyo T ni kitu gani, ni lazima tununue kifaa chengine au mashine yake inatosha? Na msikitini kuna la kufanya au ndo basi tena?

---

kijana_wa_Mbagala

Mkuu unajisumbua, mnunulie AirPods tu, zile spika ndogo za masikioni za Apple. Zile Pro 2 sahivi zina kazi ya mashine ya masikio ndani yake, Marekani waliziidhinisha 2024. Hayo mambo ya nyaya na alama ni ya kizamani sana, bluetooth ipo.

---

BintiShangani

Wa alaykum salaam mwanangu. Mie navaa mashine mwaka wa kumi na nne sasa masikio yote mawili, kwa hiyo nitasema ninayoyajua kwa mwili wangu, ya kitaalamu wataongeza wenyewe.

Kwanza mama hajakosea na mashine si mbovu. Hizi mashine zina maiki ndogo pale juu ya sikio na ile maiki inafanya kazi vizuri mtu akiwa karibu, mita moja, mbili hivi. Akizidi hapo inaanza kuokota kila kitu, feni, viatu, mtoto analia, mwangwi wa ukuta, vyote inavikuza sawasawa. Ndo maana nyumbani anasikia na msikitini anasikia mtungi. Umemsema vizuri huyo mama, mie nilikuwa nawaambia ni kama watu wanazungumza chini ya maji lakini mtungi ni bora zaidi.

Sasa T. Ndani ya mashine nyingi za nyuma ya sikio kuna kikoili kidogo cha waya, wanaita telekoili. Zamani kiliwekwa kwa ajili ya simu za mezani, sikio lichukue sauti kutoka kwenye mkono wa simu bila kupitia hewani. Pale penye ile alama ya sikio kuna waya umezungushwa, chini ya kapeti au ndani ya kaunta, wanaita lupu. Maneno yakisemwa kwenye maiki ya yule mtu yanapita kwenye waya kama umeme, waya unatoa usumaku, kikoili cha mama kinaunasa usumaku na mashine inaugeuza kuwa sauti, iliyopangwa kwa masikio yake yeye. Hakuna cha kuchomeka, hakuna cha kununua. Maiki ya nje inazimwa kwa hiyo zile kelele za ukumbi zinakatika. Siku ya kwanza nilipobonyeza nikiwa kanisani kwa rafiki yangu kwenye harusi (ndio nilikwenda kanisani, harusi ni harusi) nilihisi yule padri amenikalia begani.

LAKINI sikiliza hapa maana ndo wengi wanapokwama. Telekoili inaweza kuwemo ndani ya mashine na haijawashwa. Yule mtu wa masikio hospitali lazima aifungue kwenye kompyuta aiweke kama programu, kisha mama anabonyeza kile kidude cha nyuma, anasikia mlio, anahama. Mie nilikaa miaka MITATU nina T masikioni sijui, sababu hakuna alonambia na mie sikujua kuuliza. Kwa hiyo piga simu huko walikompa, sema hivi: tunataka programu ya T. Wakikuuliza T peke yake au T na maiki pamoja, chukua zote mbili. T peke yake ni nzuri kwa hotuba, ya pamoja inamfaa akitaka kumsikia na jirani yake akimuomba asogee.

Na mambo ya kwetu wanawake ambayo hakuna daktari atakwambia. Mtandio ukikaa juu ya mashine unakwaruza maiki, kshh kshh kila ukigeuza shingo, na ukiubana sana mashine inapiga mluzi. Kwenye T hilo linaondoka, kitambaa hakisumbui usumaku. Ila ukirukuu sauti inashuka ghafla, ukinyanyuka inarudi, sababu kile kikoili kimesimama wima na kinataka kichwa kiwe wima. Asishtuke akadhani betri. Tena mwambie wakati wa kutawadha azivue aziweke mahali pamoja siku zote, mie nimeshaacha moja juu ya bomba mara mbili na mara ya pili sikuiona tena.

Kaunta ni lupu ndogo, asimame mbele yake kabisa, ukisogea pembeni hatua moja imekwisha. Na wengi hawaiwashi kama ulivyoona. Usiondoke ukicheka. Sheria ya huku ya usawa ya 2010 inawataka watoe huduma inayofikika, kwa hiyo sema kwa adabu, naomba muichaji, wiki ijayo narudi. Na urudi kweli.

---

kijana_wa_Mbagala

Sawa Bi mkubwa nimekubali ila bado AirPods

---

FundiSauti_Temeke

Nimeona mada nikasema leo wamenigusa. Mimi nafunga spika makanisani na kwenye kumbi hapa Dar na hii lupu nimeshaifunga moja kwa mikono yangu, na nimeunguza amplifaya moja kwa ajili yake kwahiyo nina haki ya kuongea.

Ilikua hivi, kuna muumini mmoja mzee alirudi toka Ujerumani na mashine zake, akawaambia wazee wa kanisa huko tulikua na kitu fulani unasikia mahubiri moja kwa moja sikioni, kwanini hapa hamna. Wakaniita. Nikasoma soma mtandaoni nikaona aah kumbe ni waya tu unazungusha ukumbi, mimi na waya tena? Nikachukua amplifaya ya kawaida ya spika, nikazungusha waya ukumbi mzima raundi moja nikachomeka. Mzee baba ile mashine ilikata hapo hapo, nikaiwasha tena, ikakata, mara ya tatu nikasikia harufu. Kosa langu ni kwamba amplifaya ya spika inategemea kukutana na ukinzani wa omu 4 au 8, ule waya wangu ulikua hata omu moja haufiki, ni sawa na kugusisha nyaya mbili. Amplifaya ya lupu ni nyingine kabisa, inasukuma mkondo na ina kitu cha kuweka sauti sawa mchungaji akinong'ona au akipiga kelele. Tukaagiza ya kweli ikaja na ndugu wa mtu kwenye begi.

Ya pili, zege. Sakafu zetu zimejaa nondo, na chuma kinakula usumaku, tena kinakula zaidi sauti nyembamba kuliko nzito, kwahiyo mzee akawa anasikia mbuuum mbuuum ya mchungaji lakini herufi hamna. Ikabidi nigawe waya uzunguke vipande vidogo vidogo badala ya duara moja kubwa. Kuna kipimo cha kimataifa, IEC 60118-4, kinasema kwenye kilele cha sauti nguvu ya usumaku ifike miliampia 400 kwa mita na ukumbi mzima usipishane sana, na kelele ya umeme iwe chini. Mimi sikua na kile kifaa cha kupimia mwanzoni, nilikua namtembeza yule mzee ukumbi mzima ananinyooshea kidole gumba. Baadae nikapata kifaa.

Sasa kituko. Jumapili ya kwanza kwaya inaanza, mpiga gitaa anaweka mkono kwenye nyuzi, gitaa linaanza KUHUBIRI. Kweli kabisa, sauti ya mchungaji inatoka kwenye gitaa. Watu wakageuka, wengine wakaanza kuomba. Kumbe gitaa la umeme lina koili zake chini ya nyuzi, ni ndugu moja na ile ya sikioni, waya wangu ulikua unapita chini ya jukwaa. Halafu gitaa linaingia kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), mikisa inaingia kwenye lupu, lupu inaingia kwenye gitaa, ukaja mluzi ambao mpaka leo wananitania. Nikautoa waya jukwaani, kwisha.

MtotoWaNgambo, kwa msikiti angalia mambo mawili. Watu wanakaa chini kwenye mkeka, masikio yako chini kuliko mtu wa kwenye kiti, fundi akipima kwa urefu wa kiti anawapunja. Na mtu akikaa juu ya waya wenyewe hasikii, usumaku pale umelala, lazima awe ndani ya duara. La tatu (nimesema mawili samahani) lupu inavuja. Inavuja nje ya ukuta na inavuja kwenda juu. Kwahiyo kama wanaume wana lupu chini, wanawake juu wanaweza kunasa kidogo. Hebu uliza, majengo ya huko mengi wameshafunga na hakuna anaejua.

---

MtotoWaNgambo

FundiSauti nimecheka kwa sauti kwenye basi, gitaa linahubiri 😂😂

Bi Shangani shukran sana sana, nimepiga simu leo, wamempa nafasi wiki ijayo. Yule dada wa simu mwenyewe alikuwa hajui T ni nini akaniweka nisubiri, nikasema hapa nimeshapewa darsa sibanduki.

Swali dogo: hivi kwa nini saa tisa na saa sita? Maana si mara moja. Ukimwambia pika anasikia shika, fika anasikia pika. Lakini ukimwita jina lake kutoka jikoni anaitika. Na sauti nikiongeza ndo anasema usinipigie kelele.

---

Msikivu254

Niaje watu wangu, mimi niko Nairobi, nafanya kazi kwenye kliniki ya masikio, wacha nijibu hilo la saa tisa kwa sababu huwa nalitumia kufundisha familia za wagonjwa.

Uziwi wa uzee mara nyingi hula sauti nyembamba kwanza. Sasa angalia Kiswahili chetu, a e i o u ni sauti nzito zenye nguvu, hizo mama anazipata zote. Lakini s, f, sh, t, k, p ni pumzi tu, nyembamba na hafifu. Sita na tisa irabu zake ni i na a, zile zile, kilichobadilishana ni s na t. Pika, fika, shika, irabu sawa tena. Kwa hiyo yeye anasikia nyumba ya neno bila milango, halafu anabahatisha. Ukipiga kelele unaongeza zile irabu ambazo tayari anazipata, zinamuumiza, na s bado haiko. Ongea pole pole, uso kwa uso, na kama ni saa mwambie "saa tisa, baada ya adhuhuri, kabla ya laasiri". Huo ndio ujanja wetu, neno lisimame na lingine.

Pia kumbuka mama yako huko nje anasikiliza Kiingereza. Wewe neno la Kiswahili ukilipata nusu unalimalizia kichwani, kwa lugha ya ugenini hiyo nguvu hauna. Kwa hivyo usishangae London ikiwa ngumu kwake mara mbili.

Na huyu kijana wa Mbagala tusimcheke bure. AirPods zimewekewa mtu ambaye uziwi wake ni mdogo au wa kati, na miaka 18 kwenda juu, kwa huyo ni kitu kizuri. Lakini hazina telekoili, na kikubwa zaidi, maiki yazo iko pale pale sikioni. Tatizo la msikiti ni umbali, halitatuliwi na maiki nyingine iliyo mbali vile vile. Dawa ya umbali ni kuleta maiki mdomoni mwa anayeongea, haijalishi sauti inasafiri kwa njia gani: lupu, redio ya FM, taa ya infraredi kama ile ya majumba ya maonyesho, ama vile vimaiki vya kuweka mezani.

Kuna kitu kipya nacho, Auracast. Hiyo ni Bluetooth lakini si ile ya kuunganisha simu moja na kifaa kimoja, hii inarusha kama stesheni ya redio, mmoja anatuma na watu wowote ukumbini wanachagua kuisikia. Jina hilo lilitangazwa 2022. Haitaki kuzungusha waya sakafuni na nondo za FundiSauti haziisumbui. Shida ni kwamba mashine lazima iwe mpya ya aina hiyo, na mashine zilizo masikioni mwa watu leo nyingi hazina. Mama akibadilishiwa mashine baadaye uliza ziwe na zote mbili, T na hiyo. Na kama mtanunua dukani kwa pesa yenu kuwa macho, zile ndogo nzuri za kuficha ndani ya sikio mara nyingi telekoili imetolewa kupata nafasi. Mtu ananunua urembo, akifika kanisani hana kitu.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2021 lilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu fulani wa kusikia, na milioni 430 kati yao wanahitaji matibabu au vifaa. Halafu mtu anafunga lupu anaificha kwenye droo bila chaji. Hiyo ya benki imenikasirisha kusema ukweli.

---

BintiShangani

Nyumba ya neno bila milango! Huyo mtoto wa Nairobi namchukua mie.

Nimesahau kitu kimoja. Kama hapo kwenye jumba la makumbusho au mchezo watawapa kile kidude cha kusikilizia chenye waya wa masikioni, mama asivue mashine zake akavaa vile vya wageni, atakuwa anasikia bila dawa yake. Aulizie mkufu, yaani lupu ya shingoni. Anauvaa kama mkufu, unachomekwa kwenye kile kidude, anaweka T, basi. Wa kwangu nauchomeka hata kwenye simu nikiongea na dada yangu Muscat, sikio zote mbili zinasikia, tunasengenya watu kwa raha zetu. Na teksi nyeusi za hapo London nyingi zina lupu kule nyuma, atizame alama.

---

mzee_wa_Tanga

Nyongeza kidogo kwa wapenda historia. Hii lupu si kitu kipya cha Ulaya. Hati miliki ya lupu ilitolewa Uingereza mwaka 1937 kwa bwana mmoja Joseph Poliakoff. Yaani ina umri kuliko bimkubwa mwenyewe na kuliko mimi. Na sisi redio tulishaipata, televisheni tukaipata, simu tukaipata, hii ndo haijafika bandarini.

---

FundiSauti_Temeke

Haijafika mzee wangu kwa sababu hakuna anaeiomba. Mimi kazi zote nnazofunga naulizwa besi inapiga vipi, sijawahi kuulizwa mzee wa kiti cha nyuma anasikia vipi, ukiacha yule wa Ujerumani.

---

MtotoWaNgambo

Nimerudi wakuu, wiki tatu baadae. Najua mlikuwa mnangoja (mzee_wa_Tanga kanitumia meseji mara mbili).

Hospitali: T ilikuwamo ndani muda wote, haijafunguliwa, kama Bi Shangani alivosema. Yule kijana kafungua kwenye kompyuta dakika tano. Kampa programu mbili, ya T na ya pamoja. Kisha akawasha kilupu chake mezani akasema kitu kidogo kidogo amefunika mdomo na karatasi, bimkubwa akajibu. Kwa Kiingereza! Nikamuuliza mama alikwambiaje, akasema kaniuliza nimekula nini asubuhi, nimemwambia mkate wa mchele. Yule kijana sijui kaelewa nini lakini kaandika.

Stesheni: dirishani imefanya kazi mara ya kwanza. Alibonyeza mwenyewe, akasogea mpaka pua inagusa kioo, akanunua tiketi yake na akauliza lifti iko wapi. Mie nimesimama nyuma kama mzigo. Matangazo ya kwenye spika kule jukwaani bado mtungi ule ule, hapo hakuna lupu.

Benki: nimerudi kama nilivoambiwa. Kiboksi kina chaji. Yule mdada kanikumbuka.

Sasa msikitini. Nikamuuliza mzee mmoja wa kamati, akasema lupu ndo nini. Nikamuonyesha picha ya alama kwenye simu, akasema aah, hiyo ipo. Iko wapi? Nyuma ya kabati la viatu! Kibandiko kimebandikwa ukutani walipofanya ukarabati kisha kabati likawekwa mbele yake. Tukenda kwenye stoo, amplifaya iko chini ya maboksi ya tende ya Ramadhani ilopita, imezimwa. Tukaiwasha, kitaa kikawaka. Ijumaa ile bimkubwa akapanda juu na T yake.

FundiSauti ulisema kweli, inavuja juu. Anasema sauti ni ndogo na kuna muungurumo kama friji, lakini MANENO anayapata, akikaa safu za mbele upande wa dirisha. Akisogea nyuma inapotea. Alivoshuka hajasema kitu mpaka tumefika kwenye gari, akafunga mkanda, kisha akanisomea khutba yote, na aya na hadithi, na pale imamu alipokosea mwezi akajirekebisha.

Nikaiandikia kamati barua, kwa adabu kabisa, kuomba nao wanawake wafungiwe lupu yao juu. Wakasema watalikalia Ijumaa baada ya sala.

Ijumaa baada ya sala watu wametoka, bimkubwa bado yuko juu anamsubiri shoga yake avae viatu, T hajaitoa. Chini kamati imekaa. Spika wamezima lakini ile maiki ya imamu ya kifuani haikuzimwa. Akamsikia mmoja wao anasema, vizuri tu, kila neno: hao wanawake wa juu hawana shida, wanaskia vya kutosha.

Akateremka ngazi. Mie nilikuwa nje kwenye gari sikuona. Alorudi nae ni yule shoga yake, anasema bimkubwa kasimama mlangoni akawaambia, "Nimekusikieni."

---

BintiShangani

😂😂😂 Nipe namba ya mama huyo

---

FundiSauti_Temeke

Mkuu mwambie imamu azime maiki. Au basi, usimwambie.